Chombo Chako cha Kuruka Kinaingia Kundi la Ultralaiti? Namna ya Kukipima Kabla Hujalipa

Swali linakuja kwa sura nyingi lakini ni lile lile: "Nimeona chombo mtandaoni, kina propela nane na kiti kimoja, muuzaji anasema hakihitaji leseni. Nikikileta Dar, naweza kukirusha?"

Hapo kuna maswali mawili. La kwanza: je, chombo kinatimiza masharti ya ultralaiti (kundi la vyombo vyepesi vya kuruka) ya Marekani? Karibu kila muuzaji anayesema "hakihitaji leseni" anazungumzia masharti hayo, hata kama hayataji. La pili: hata kikitimiza, Tanzania inasemaje? Hatua ya 1 hadi ya 7 zinajibu swali la kwanza, na zilizobaki zinajibu la pili. Usiruke za kwanza kwa sababu unaishi Tanzania. Chombo kilichoshindwa masharti ya kwao wenyewe kitakupa tabu maradufu huku, na majibu utakayoyapata humo ndiyo utakayoyabeba kwenda kwa mamlaka.

Masharti yenyewe yako katika Sehemu ya 103 ya kanuni za anga za Marekani, inayosimamiwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na yameanza kutumika Oktoba 1982. Chombo chenye injini au mota ni ultralaiti kikiwa na sifa hizi zote kwa pamoja:

- kinabeba mtu mmoja tu;
- kinatumika kwa burudani au michezo tu;
- hakina cheti cha ubora wa kuruka, cha Marekani wala cha nchi nyingine;
- uzito wake mtupu uko chini ya pauni 254, yaani kilo 115.2;
- tanki lake la mafuta halizidi galoni 5 za Marekani, yaani lita 18.9;
- kikiruka usawa kwa nguvu zote hakipiti noti 55, yaani kilomita 102 kwa saa;
- kasi yake ya stoli (ile ambayo chini yake bawa linaacha kubeba), injini ikiwa imezimwa, haizidi noti 24, yaani kilomita 44 kwa saa.

Kisicho na injini kina sharti lake la uzito: chini ya pauni 155, au kilo 70.3.

Kinachotimiza yote hakisajiliwi, hakidaiwi cheti, na rubani wake hadaiwi leseni, kwa Marekani. Kinachokosa moja ni ndege kamili, na kinadaiwa makaratasi yote ya ndege. Hakuna daraja la "kimekaribia".

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali la vipimo la mtengenezaji, lenye jina la toleo na tarehe. Bango la matangazo halitoshi, maana toleo la maonyesho na toleo linalouzwa mara nyingi hupishana uzito.
- Mwongozo wa rubani wa toleo hilo hilo.
- Orodha ya uzito wa kila kipande: bodi, mota, betri, parashuti, vielea vya majini. Muuzaji akikataa kuitoa, hilo nalo ni jibu.
- Picha ya lebo ya betri inayoonyesha kWh (kiasi cha umeme inachobeba), volti na uzito.
- Waraka wa ushauri wa FAA namba AC 103-7, wa mwaka 1984. Unapatikana bure kwenye tovuti yao, na ndio unaoeleza kila sharti linapimwaje.
- Kama chombo kiko mkononi: mizani ya jukwaa, moja kwa kila gurudumu au mguu, yenye uwezo wa kilo 100 kila mmoja na stika hai ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya bafuni iache huko huko bafuni.
- Pima maji ya fundi mwashi, kikokotoo na daftari.

Hatua

1. Anza na vyeti.

Tafuta maneno kama "kimethibitishwa" au "kimeidhinishwa na FAA" kwenye maelezo ya muuzaji, kisha mwombe nakala ya hicho cheti. Hapa wengi hunaswa. FAA haitoi cheti cha ubora kwa ultralaiti, na chombo chenye cheti hicho, hata cha nchi nyingine, hakiwezi kuwa ultralaiti. Muuzaji anayejivunia vyote viwili kwa pamoja, cheti na kutohitaji leseni, hajui anachouza au anadhani wewe hujui unachonunua. Anachoweza kuwa nacho kihalali ni barua au ripoti inayoeleza jinsi chombo chake kinavyotimiza masharti. Iombe hiyo.

2. Hesabu viti, kisha sema ukweli kuhusu kazi.

Viti viwili, kimetoka. Kiti kimoja kipana chenye mikanda miwili, kimetoka pia. Kuhusu kazi, burudani na michezo ina maana hiyo tu: si kupiga picha za harusi kwa malipo, si kunyunyizia dawa shamba la mteja, si kupeleka vifurushi. Kama mpango wako wa biashara unakitegemea chombo hiki, ishia hatua hii na utafute ndege yenye makaratasi.

3. Pima uzito mtupu.

Hapa ndipo vyombo vingi vipya hufia, hasa vya umeme, kwa sababu betri inakula nafasi kubwa ya zile kilo 115. Kama bado hujanunua, fanya hesabu hii kwa orodha ya vipande. Kama kiko mbele yako, fuata mpangilio huu:

a) Chagua chumba chenye sakafu ya saruji na ufunge milango na madirisha. Upepo mdogo tu ukipita chini ya bawa unapunguza kilo kadhaa kwenye mizani, na utaondoka na jibu tamu la uongo.

b) Weka mzani chini ya kila mguu kwa wakati mmoja. Ukiwa na mzani mmoja tu, weka chini ya miguu mingine vipande vya mbao vyenye kimo sawa na mzani, kisha hakikisha kwa pima maji kwamba chombo kimelala usawa. Kikiinama, uzito unahamia upande mmoja na jumla inapotoka.

c) Chombo kiwe kamili kama kinavyoruka: betri ndani, kiti, mikanda, vyombo vya kusomea kasi na kimo, kioo cha mbele, breki za magurudumu, oili na maji ya kupoza. Vinavyotoka ni petroli, rubani na mzigo wake binafsi.

d) Andika kila mzani, jumlisha, inua chombo, kirudishe, upime tena. Fanya hivyo mara tatu. Tumia jumla kubwa kuliko zote, usitumie wastani.

e) Sasa toa kinachoruhusiwa kutolewa, na si zaidi. AC 103-7 inakubali parashuti ya kuokoa chombo pamoja na viungo vyake hadi pauni 24 (kilo 10.9), kielea kikuu cha majini pauni 30 kila kimoja (kilo 13.6), na kielea kidogo cha pembeni pauni 10 kila kimoja (kilo 4.5).

Mfano. Mizani minne inasoma 31.4, 30.8, 33.1 na 32.5. Jumla ni kilo 127.8. Toa parashuti 10.9, inabaki 116.9. Kimezidi kwa kilo 1.7, basi kimeshindwa. Muuzaji atakwambia kizimba cha kumkinga rubani kina kilo sita na ni kifaa cha usalama, kwa hiyo kitolewe. Hakitolewi. Mikanda, kizimba, vyombo vya kusomea na breki vyote vinahesabiwa kuwa sehemu ya bodi. Kinachotolewa ni kile kinachofunguliwa wakati wa hatari kubwa, kama parashuti, na vile vielea.

Betri je? Haimo kwenye orodha ya vinavyotolewa, basi inahesabika. Usikubali hoja kwamba "betri ni mafuta ya chombo cha umeme".

Utaona pia vyombo vyenye namba inayoshangaza. Helix ya kampuni ya Pivotal inauzwa Marekani kama ultralaiti ilhali mtengenezaji anataja uzito wa pauni 348, karibu kilo 158. Si lazima pawe na ujanja hapo: uzito huo umejumuisha vifaa vya usalama, na Helix ina parashuti na imeundwa kuweza kutua majini. Namba kubwa peke yake haikiondoi chombo, wala namba ndogo peke yake haikiingizi. Dai mchanganuo, kipande kwa kipande, na ujumlishe mwenyewe.

Angalizo la vipimo: sharti linasema *chini ya* pauni 254. Ukipata 254 kamili umeshindwa. Na ukipata pungufu kwa nusu kilo, usishangilie. Rangi mpya, tairi nzito kidogo au kishikio cha simu vinatosha kukutoa.

4. Pima tanki, au hesabu betri.

Kwa chombo cha petroli, kinachopimwa ni ujazo wote wa tanki, pamoja na yale mafuta ya chini yasiyofika kwenye injini. Dumu la kawaida la lita 20 tayari limezidi. Mstari uliochorwa kwa kalamu "jaza hadi hapa" haukubaliki. Bomba la ndani lililofungwa moja kwa moja, linalozuia tanki kupokea zaidi ya lita 18.9, linakubalika, ila uwe tayari kuonyesha kwamba linafanya kazi kweli. Chombo chenye jenereta inayochaji betri angani kina tanki kama vingine, nacho kinabanwa na kikomo hicho.

Kwa chombo cha umeme sharti la mafuta halina cha kupima, lakini fanya hesabu hii, kwa sababu matangazo ya dakika za kuruka ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Uliza vitu viwili: betri ina kWh ngapi, na chombo kikielea angani na rubani wa uzito wako kinakula kW ngapi. Betri ya kWh 10, ukiacha akiba ya asilimia 20, inakupa 8. Chombo kinachokula kW 32 kikielea kinamaliza hizo 8 kwa robo saa. Jibu likija "hadi dakika 30" bila kW, hujajibiwa.

Ongeza na joto letu. Mchana wa nyuzi 32, hewa ya Dar usawa wa bahari ni nyepesi kama ya kimo cha mita 600 hivi kwa vipimo vya kawaida. Propela zinafanya kazi zaidi kwa msukumo ule ule, mota na betri zinapata joto zaidi, na dakika zinapungua. Namba za mtengenezaji zilizopimwa kwenye baridi si zako.

5. Pima kasi ya juu.

Kikomo ni noti 55 za kasi ya hewa iliyosahihishwa, yaani kasi ya chombo dhidi ya hewa baada ya kurekebisha makosa ya kipimo. Kasi ya GPS inayoonekana kwenye simu ni kitu kingine. Upepo wa kusi wa noti 15 ukiwa mgongoni, GPS itasoma 70 wakati chombo kiko halali kabisa. Ukiwa usoni, itasoma 40 na utadhani una nafasi. Rubani wa majaribio hupima kwa kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, kisha anachukua wastani. Kazi hiyo si ya mwanafunzi. Wewe dai ripoti ya jaribio, au tumia mbinu ya hesabu iliyomo kwenye viambatisho vya AC 103-7.

Vyombo vingi vya umeme vinafungiwa kasi na programu. Mtengenezaji wa Jetson ONE, kwa mfano, anataja kikomo cha kilomita 102 kwa saa kinachowekwa kwa njia hiyo. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: je, mtumiaji anaweza kukifungua? Kikomo kinachobadilishwa kwenye mipangilio ya simu kina udhaifu ule ule wa alama nyekundu kwenye saa ya kasi. Kinategemea hiari ya rubani, na hiari haihesabiki.

6. Angalia stoli.

Stoli ni pale bawa linapoacha kubeba kwa sababu kasi imeshuka mno. Njia ya haraka ya kugundua tatizo: chukua uzito wote wa kuruka, gawa kwa eneo la bawa. Bawa la kawaida lisilo na flapu za ajabu linahitaji mita moja ya mraba kwa kila kilo 15 hivi ili libaki chini ya noti 24. Chombo cha kilo 115, rubani wa 85 na petroli ya kilo 14 ni kilo 214. Kinataka bawa la mita za mraba 14 hivi. Ukiona bawa la mita 9 na muuzaji anasema stoli ni noti 24, muulize bawa hilo lina nini cha pekee.

Chombo cha propela tupu, kisicho na bawa, hakina stoli ya namna hiyo. Muulize swali lingine badala yake: umeme ukikatika kikiwa mita 15 juu, kinafanya nini? Parashuti inahitaji kimo fulani ili ifunguke, na mwongozo unapaswa kukitaja. Chini ya kimo hicho, kinachobaki ni mota za akiba na bahati. Pia uliza mota moja ikifa, zilizobaki zinabeba uzito wako au la. Jibu la maandishi tu.

7. Fungua faili.

Marekani mzigo wa kuonyesha kwamba chombo kinatimiza masharti uko kwa anayekirusha, si kwa muuzaji. Mkaguzi wa FAA akiomba, utoe ushahidi wa kuridhisha. Kwa hiyo weka pamoja: picha za mizani, mchanganuo wa uzito, vipimo vya tanki, ripoti ya kasi, na toleo la programu ya chombo siku ya kupima. Programu ikisasishwa na kasi ikabadilika, faili lako limekufa, pima upya. Faili hili hili ndilo utakalolibeba katika hatua inayofuata.

8. Andikia TCAA kabla ya kulipa hata amana.

Sehemu ya 103 ni kanuni ya Marekani, na inaishia Marekani. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na kwa Tanzania anayesimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Chombo kilichosamehewa leseni kule hakiji na msamaha huo ndani ya kontena.

Barua iwe fupi, iambatishe faili la hatua ya 7, na iulize mambo haya kwa namba ili yajibiwe kwa namba:

- chombo hiki kinawekwa kundi gani;
- kinahitaji usajili wa 5H (alama ya ndege za Tanzania), au la;
- kinahitaji cheti cha ubora au kibali maalumu cha kuruka;
- rubani anahitaji leseni gani na cheti gani cha afya;
- wapi na kwa kimo gani kinaruhusiwa, na nani aarifiwe kabla;
- bima ya aina gani inatakiwa.

Usikiite droni kwenye barua. Droni haina mtu ndani, na ina kanuni na vibali vyake. Ukitumia neno hilo, barua itakwenda meza isiyo yako. Na jibu la mdomo, hata la mtu mwenye cheo, usilinunulie chombo.

9. Chagua mahali pa kurukia kwa ramani, si kwa hamu.

Hata masharti ya Marekani yenyewe, ambayo ni mepesi, yanakataza kuruka juu ya maeneo yenye msongamano wa watu na juu ya mikusanyiko ya wazi, yanataka mchana tu na rubani aone ardhi muda wote, na yanadai ruhusa ya waongoza ndege kabla ya kuingia anga inayodhibitiwa. Chukua ramani ya Dar ukiwa na masharti hayo. Sinza, Kariakoo, Mbagala, Tegeta, yote yanatoka kwa msongamano. Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, ndani ya jiji, na anga inayouzunguka inadhibitiwa. Kigamboni panaonekana wazi ukiwa chini, lakini ndege ndogo za Zanzibar zinakatiza upande wa bahari mchana kutwa, na ultralaiti ndiyo inayopaswa kuzipisha zote.

Kwa hiyo wazo la kuruka kutoka Mbezi hadi Posta juu ya foleni lisahau. Unachotafuta ni shamba au uwanda nje ya jiji, wenye mmiliki aliyekubali kwa maandishi, na mahali hapo ndipo pa kupataja kwenye barua ya TCAA. Saa nzuri ni asubuhi mapema. Kuanzia adhuhuri upepo wa baharini unapanda, na juu yake kuna kusi au kaskazi kutegemea mwezi.

10. Panga usafirishaji wa betri peke yake.

Betri za lithiamu zinazosafirishwa zenyewe haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria kama mzigo. Kwenye ndege ya mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Dai ripoti ya UN 38.3, jaribio la usalama wa betri za lithiamu, kabla ya kufunga mzigo. Kwa forodha, ndege yenye mtu na injini iko kifungu cha 8802, na isiyo na mtu 8806. Mweleze wakala wako wa forodha mapema, maana chombo cha mtu kikiandikwa droni, kitasubiri bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda.

Ukikwama

*Uzito umezidi kidogo.* Usianze kwa kung'oa mikanda wala kizimba. Angalia kwanza vitu vya ziada, vifuniko vya urembo, magurudumu. Ukipunguza betri, rudi hatua ya 4 uhesabu dakika upya. Bodi usiitoboe ili iwe nyepesi, maana mtengenezaji aliipima ikiwa nzima.

*Jumla za mizani zinatofautiana kila ukipima.* Sakafu haiko sawa, au miguu inasukumana kwa pembeni kwenye mizani. Weka kila mzani juu ya ubao laini wenye grisi kidogo chini, inua chombo, kirudishe polepole. Zikiendelea kupishana kwa zaidi ya nusu kilo, badilisha mizani.

*Muuzaji anasema ni "ultralaiti ya Ulaya".* Hicho ni kitu kingine. Nchi kadhaa za Ulaya zinatumia jina hilo kwa ndege za viti viwili zenye uzito wa kuruka hadi kilo 600, na rubani wake anahitaji leseni. Uingereza ina kundi la kiti kimoja hadi kilo 300 lililopunguziwa ukaguzi, nalo bado linataka rubani mwenye leseni. Rudi hatua ya 1 na uulize: sheria ya nchi gani, kifungu gani?

*Nataka kwenda nacho Zanzibar.* Kwa kilomita 100 kwa saa, betri ya dakika 20 inakufikisha kilomita 33, bila akiba. Kutoka Dar hadi mji wa Zanzibar ni zaidi ya kilomita 70, sehemu kubwa juu ya maji.

*Chaja haifanyi kazi hapa.* Soma lebo yake. Inatakiwa ikubali volti 230 na hezi 50. Ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee itaungua. Soketi yetu ya ampia 13 inatoa kama kW 3 tu, hivyo betri ya kWh 10 inachukua saa tatu na nusu au zaidi, na itakula yuniti 11 hadi 12 za LUKU. Usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka kuruka, wala usiiache usiku kucha ndani ya nyumba mnamolala.

*TCAA wamejibu kwamba chombo kinahitaji cheti ambacho mtengenezaji hana.* Mpelekee mtengenezaji barua hiyo na umuulize kama ana toleo lenye cheti. Kama hana, usilipe. Kama ulishaweka amana, soma kifungu cha kurejeshewa fedha leo hii, kwa sababu vingi vina tarehe ya mwisho.

*Sijawahi kurusha chochote.* Kutodaiwa leseni hakukufundishi kuruka. Tafuta mwalimu wa ndege yenye viti viwili, ujifunze upepo, kutua na kusoma anga, kisha ndipo ukae peke yako kwenye chombo ambacho hakina nafasi ya mwalimu.